Kaka alipiga hodi redioni, naombwa niingie mimi

BARUA

Shangazi, shikamoo. Naomba nieleze kwa kirefu, maana nikifupisha utaona ni jambo dogo.

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi kijijini upande wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Nina kibanda cha kuchajisha simu kwa sola na kuuza vocha, na nalima mahindi na maharage kama kila mtu wa huku. Jina langu usilitaje, wala la redio nitakayoisema. Watu wake nawaheshimu.

Mwezi wa tatu tulimzika kaka yangu. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi kitinda mimba, katikati kuna dada zetu wawili walioolewa mbali. Ameacha mke na watoto wawili, wa miaka saba na mitatu. Kwa wengi huku kaka alikuwa na jina la pili, kwa sababu kwa miaka minne aliigiza katika mchezo wa redio unaorushwa Jumanne na Ijumaa usiku. Akipita sokoni, akina mama wa dagaa walimwita kwa jina la mchezoni, naye aliitika.

Mchezo wenyewe ni wa familia ya wakulima. Mama wa nyumba anafariki, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, mzee na mtoto wake wa kwanza wanagombania shamba la bondeni alilokuwa akililima marehemu. Mtoto anasema, "Mama aliniachia mimi." Mzee anasema, "Mama yako alikuwa akilima, hakuwa akimiliki." Kaka ndiye aliyekuwa mtoto huyo. Anaondoka nyumbani kwa hasira, anakwenda Uvinza kwenye chumvi, na kwa karibu mwaka mzima wasikilizaji wakawa wanamsubiri arudi. Kisimani watu waliniuliza mimi, "Kaka yako anarudi lini kwao?" na kaka mwenyewe yuko nyuma ya nyumba anapasua kuni.

Siku ile alikuwa anatoka kurekodi. Alishuka basi Kasulu mjini usiku, mvua inanyesha, akachukua bodaboda kuja kijijini. Waliteleza karibu na daraja. Dereva alivunjika mguu, kaka hakufika hospitali akiwa hai. Tangu siku ile mama hatamki neno ajali. Anasema, "Redio imenilia mwanangu."

Siku ya tatu ya msiba mwongozaji wa mchezo alikuja na rambirambi. Akamwambia baba kwamba vimebaki vipindi vinne alivyokwisha kurekodi kaka, akaomba ruhusa virushwe. Baba alikubali pale pale. Mama alikuwa ndani na akina mama wenzake. Alikuja kujua Jumanne iliyofuata, aliposikia sauti ya mwanawe inatoka nyumba ya jirani.

Kipindi cha nne ndicho kilichotufikisha hapa. Ni usiku, mbwa wanabweka, unasikia nyayo za mtu kwenye changarawe. Anapiga makofi ya salamu kama tunavyofanya sisi Waha, halafu anakohoa kidogo. Kile kikohozi hakikuandikwa popote, Shangazi. Kaka alikuwa nacho tangu utotoni, alikohoa hivyo kila alipotaka kusema jambo zito. Kisha anasema, "Hodi. Hodi hapa nyumbani." Muziki ukapigwa. Basi. Kinachofuata hakijarekodiwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio iko pajani. Akasema, "Karibu, mwanangu. Pita ndani." Alisema taratibu kabisa, kama mtu anayemjibu mgeni aliyepo mlangoni. Mama alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Alisimama, mahindi yakamwagika yote, akatoka. Yalilala pale pale mpaka kuku wakayakuta asubuhi.

Tangu hapo redio inarudia vipindi vya zamani kutoka mwanzo, na baba hakosi hata kimoja. Mchana anaanika betri juu ya bati ili jioni zipate nguvu. Redio ameifunga kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko umevunjika. Muziki ukianza, mama anaingia jikoni kutwanga, hata siku ambazo hakuna cha kutwanga.

Sasa mwongozaji anataka mimi niendelee na nafasi ya kaka. Sauti zetu ni moja. Hata kwenye simu watu walikuwa wanatuchanganya, na mtoto mdogo wa kaka akinisikia naongea nje bado anatoka mbio akiita "Baba!", akiniona anasimama. Mwongozaji alinirekodi kwa simu nikisoma mstari mmoja tu, "Baba, nimerudi." Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaenda kumsikilizisha baba, na baba akasema maneno mawili: "Huyo huyo." Siku iliyofuata wazee wote wa kijiweni walikuwa wanajua kwamba nimekubali, wakati sijajibu chochote.

Mama ameniambia, "Ukienda, nitakuwa nimebaki bila mtoto wa kiume hata mmoja." Naona anashikilia mambo ya kale, kwamba marehemu hasemewi. Baba yeye anasema nisipokwenda nitakuwa nimemzika kaka mara ya pili. Zamani baba hakuwa mtu wa redio namna hii. Yeye na kaka walikuwa wamenuniana kidogo tangu Krismasi kwa ajili ya miche ya kahawa, si jambo kubwa, lakini vipindi alikuwa anasikiliza kwa kuibia. Maneno ya mtaani nayo yameanza: "Leo anachukua sauti, kesho atachukua nyumba." Wanamaanisha shemeji. Hayo siyajali.

Posho ni shilingi elfu thelathini kwa siku ya kurekodi pamoja na nauli. Nilipanga nusu iwe ya watoto wa kaka. Mwongozaji anasema nikikataa, itabidi mhusika afe mchezoni au atafutwe mtu mwingine, maana "hatuwezi kumwacha mtu mlangoni milele." Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa saba.

Shangazi, nimtii nani, baba au mama? Na je, ni kosa kuazima sauti ya mtu aliyekufa, ikiwa sauti hiyo ni yangu pia?

Wako, Mdogo Mtu, Kasulu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole kwa kaka, na pole kwa kuwa na koo ambalo kila mtu nyumbani analihitaji kwa haja yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye "Karibu, mwanangu, pita ndani." Nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji. Kwa hiyo usidhani utaniona nakuandikia kama mtu anayepima mahindi kwenye mzani.

Unaniuliza umtii nani kati ya wawili. Mimi nahesabu wengi zaidi. Yupo baba anayetaka mlango ufunguliwe, yupo mama ambaye hakuulizwa, yupo shemeji ambaye katika barua yote hajasema neno moja, yupo mtoto wa miaka mitatu anayekimbilia sauti, yupo mwongozaji na tarehe yake. Na upo wewe, ambaye umenieleza huzuni ya kila mtu isipokuwa yako. Umeandika kurasa nne kuhusu kaka na hukuandika hata mara moja kwamba umemkumbuka. Najua umemkumbuka. Nataka tu ujue kwamba nimeona hilo halikuandikwa.

Tuanze na mama. Unasema anashikilia mambo ya kale. Inawezekana. Lakini rudi kwenye siku ya tatu ya msiba, uangalie nani alikuwa wapi. Mwongozaji aliomba ruhusa kwa baba, uani. Mama alikuwa ndani kwenye mkeka, na ruhusa ya kurusha sauti ya mtoto aliyemzaa ikatolewa ng'ambo ya ukuta bila yeye kuitwa. Akaja kuisikia kwa jirani, bila kujiandaa, pengine na sufuria mkononi. Mwanangu, mimi hapo sioni mila. Namwona mwanamke aliyepitwa mara moja, na sasa anaona anapitwa mara ya pili, safari hii kwa mtoto aliyebaki. Na njia ni ile ile: basi lile lile, bodaboda ile ile, usiku. Anaposema atabaki bila mtoto wa kiume, huenda hazungumzii sauti hata kidogo. Huenda anazungumzia barabara. Umewahi kumuuliza? Sina maana ya kumuuliza kama anakubali au anakataa. Muulize anaogopa nini, kisha unyamaze mpaka amalize.

Na baba. Umeandika kwamba yeye na kaka walinuniana tangu Krismasi kwa ajili ya miche ya kahawa, ukaongeza "si jambo kubwa." Kwako si kubwa. Kwa mzee ambaye mwanawe alikufa mwezi wa tatu kabla hawajakaa chini wakayamaliza, hilo ndilo jambo lenyewe. Alikuwa anasikiliza kwa kuibia, yaani alikuwa anamfuata mwanawe kwa siri wakati mchana hawasemezani. Halafu mtoto huyo akaja usiku redioni, akitoka kwenye ugomvi wa shamba na baba yake, akapiga hodi. Yeyote angejibu.

Ndiyo maana yale maneno mawili, "huyo huyo," mimi siyachukui kama ruhusa kwako. Baba alisikia sauti ikisema "Baba, nimerudi" na akamtambua aliyekuwa akimsubiri. Swali gumu ni hili: ukienda studio, ukaingia mlango ule, ukaomba msamaha kwa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, na mzee wa mchezoni akakusamehe, baba yako atakuwa amepatana na kaka? Au atakuwa amesikiliza watu wawili wakipatana, kisha akazima redio? Sijui, na wewe hujui. Huenda ikamtua mzigo mkubwa. Huenda ikamfanya aanze kukutafuta wewe kila Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine asikuone.

Kuhusu kosa la kuazima sauti, nikupe ya wengine waliopita njia hiyo. Mimi ni mtu wa Tabora, na nilikuwa msichana Radio Tanzania ilipoanza kurusha "Twende na Wakati" mwaka 1993. Wa umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake kila alikosimama, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani akiteseka. Mkwaju alipougua Ukimwi na kufa mchezoni, jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa akimtukana kila wiki, alikataa kula usiku ule. Alisema tumfikirie Tunu. Tulimcheka, na sasa naona hatukuwa na haki ya kumcheka, maana mwaka huo huo alikuwa amemzika kaka yake aliyerudi nyumbani mgonjwa na ambaye ugonjwa wake haukutajwa kwa jina. Mchezo ulimpa mahali pa kulilia.

Huko Uingereza nako kuna mchezo wa redio wa wakulima, "The Archers," ulioanza kurushwa nchi nzima Januari 1951 na unaendelea hadi leo. Mzee wa familia ile, Dan Archer, alichezwa na waigizaji wanne kwa kupokezana, mpaka mhusika mwenyewe alipokufa mwaka 1986. Mwanawe mchezoni, Phil, alikuwa na sauti moja tu, ya Norman Painting, tangu vipindi vya majaribio vya mwaka 1950. Painting alifariki Oktoba 2009, na kipindi chake cha mwisho kikasikika Novemba, yeye hayupo. Huyo hawakumtafutia mrithi. Februari 2010 walimwacha Phil naye afe, kimya kimya, kitini kwake. Kwa hiyo mchezo mmoja umefanya yote mawili, kupokezana sauti na kuipumzisha, na watu wakaendelea kusikiliza. Ila wale waliopokea nafasi ya Dan walikuwa waigizaji wa kazi. Sauti waliyoipokea haikuwa na mtoto wa miaka mitatu anayetoka mbio nje.

Tuziangalie basi hizo njia, maana naziona zaidi ya zile ulizopewa.

Ukikubali, kuna heri ndani yake. Kuna posho, ingawa nusu ya elfu thelathini kwa watoto wa kaka ni msaada ambao unaweza kuutoa hata kwa vocha zako. Kuna kuimaliza kazi aliyoianza. Huenda pia ukawa na kipaji, na kipaji si dhambi. Lakini mchezo wa namna hii hauishi kwa kipindi kimoja. Ukivuka mlango ule, wiki ijayo utatakiwa kulima lile shamba la bondeni, kuoa, kugombana, kucheka, miaka na miaka, kwa kicheko cha kaka. Kikohozi je? Utakohoa? Mwongozaji atakuomba ukohoe. Fikiria hilo kabla hujafika mbele ya kipaza sauti, kwa sababu pale hutapata nafasi ya kufikiri. Na siku utakapochoka, ukataka kwenda Mwanza au Dar kutafuta maisha, utamwambiaje baba kwamba unaondoka na sauti?

Ukikataa na mhusika akafa mchezoni, familia yenu itasikia msiba wake hewani, na vilio vya waigizaji vitapita kwenye kila nyumba kijijini, ya mama yako ikiwemo. Kuna watu jambo hilo huwasaidia, wakalia walichokibana. Kuna wengine linawafungua kidonda. Likifika hapo, mna haki ya kuomba mjulishwe siku yenyewe mapema, ili anayetaka kusikiliza asikilize na anayetaka kulala kwa dada yake usiku ule aende. Akitafutwa mtu mwingine, wewe utapumua. Lakini hebu mfikirie baba siku atakaposikia mgeni anajibu kwa jina la mwanawe.

Iko njia ambayo mwongozaji hakukutajia, labda hajaiwaza. Hodi ilipigwa, na anayetakiwa kujibu hodi ni mwenye nyumba. Mzee wa mchezoni anaweza kusema "Karibu, mwanangu" na mlango ukasikika unafunguliwa. Kipindi kinachofuata kikaanza asubuhi, watu wakiongea juu ya kijana aliyerudi usiku, akapatana na baba yake, akaondoka tena alfajiri. Sauti yake haihitajiki. Waandishi wa michezo wana mbinu nyingi kuliko hizo, ni kazi yao. Njia hiyo nayo ina ubaya wake: baba anaweza kuona kaka ameingia na hakusikika, akaumia zaidi. Nakutajia ili uone kwamba chumba kina milango zaidi ya mmoja. Hata wewe ukitaka kuigiza, unaweza kuomba nafasi nyingine, ya kijana mwingine, kwa sauti yako ikiwa yako.

Hiyo tarehe ya mwezi wa saba nayo usiibebe kama amri. Namwelewa mwongozaji, ana wasikilizaji na ana vipindi vya kujaza, na kwa maelezo yako ni mtu aliyempenda kaka yako. Lakini wasikilizaji walimsubiri kijana yule karibu mwaka mzima akiwa Uvinza. Miezi mingine mitatu haitawaua. Mchezo una familia na majirani, hadithi inaweza kuzunguka kwao. Unaweza kumwambia hivyo kwa heshima kabisa, ukamwomba pia jambo moja ambalo mimi ningeliomba leo hii: nakala ya vipindi vyote vya kaka, uvitie kwenye memori kadi. Baba yako anaanika betri kwa sababu anaogopa kitu. Naona anaogopa kwamba marudio yakiisha, sauti itakuwa imekwenda moja kwa moja. Akijua anayo mfukoni, huenda asikuhitaji wewe kwa haraka namna hii. Na mama atapata nafuu yake pia, kwa sababu sauti iliyo kwenye kadi huisikii kwa jirani bila kupenda. Unaichagua, au unaiacha. Watoto nao siku moja wataitaka, hasa huyu mdogo, ambaye hatamkumbuka baba yake kwa njia nyingine.

Sasa shemeji. Umeandika maneno ya mtaani, ukasema huyajali. Wewe ni mwanaume, unaweza kutoyajali. Yeye analala ndani ya nyumba hiyo inayosemwa. Wewe unajua na mimi najua nini hufikiriwa mjane kijana anapoachwa na mdogo wa marehemu aliye bado hajaoa. Ukianza kusema kwa sauti ya mumewe kila Ijumaa, na pesa ikaanza kutoka kwako kwenda kwake, watu watakamilisha hadithi bila kukuuliza. Huenda yeye hana neno, na angefurahi. Huenda anaogopa hata kuuliza, akidhani yameshapangwa. Katika mambo yote ya barua yako, hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ndilo ulilolipa mstari mmoja. Kabla ya baba, kabla ya mama, kabla ya mwongozaji, ningependa yeye aulizwe. Aulizwe mbele ya dada yako mmoja, ili awe na mtu wa upande wake na maneno yasizae maneno.

Baada ya hapo baba na mama wanaweza kukaa pamoja na kuulizwa swali moja, wote wawili, uso kwa uso. Kama una baba mdogo au mjomba mwenye hekima, mwite akae nanyi, ili usiwe wewe hakimu wa wazazi wako. Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi wamezungumza juu ya kaka yako bila redio kuwa kati yao.

Uamuzi mwingine wowote unaweza kungoja mavuno yaingie ndani. Hili la mwisho haliwezi. Leo jioni ukienda kwa shemeji, usianze kuongea ukiwa njiani. Fika kwanza uani, piga makofi yako, na kabla ya neno lolote sema, "Ni baba mdogo." Sema mapema, mtoto akiwa bado ndani, ili akitoka mbio awe anakukimbilia wewe.

Niandikie tena, hata kama hujaamua.

Shangazi yako